Jiwe Lililokubali Umeme

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alibandika kope. Chumba chake cha kazi kilikuwa kati ya duka la vitabu vya shule na kinyozi. Kilikuwa na kitanda chembamba cha kulalia wateja, taa ya shingo ndefu yenye kioo cha kukuzia, na kabati la droo ndogondogo zilizojaa kope za kila urefu. Mteja alilala pale akafumba macho, na alipoinuka baada ya saa mbili alikuwa na kope mia na ushee kila jicho, kila moja imeshikishwa peke yake, na hakuna iliyomchoma wala kumvuta. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kope. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu.

Baba yake hakulipenda jina hilo. Yeye alikuwa fundi wa nyaya za umeme, wale wanaopanda nguzo wakiwa na mkanda kiunoni, na kazi hiyo aliifanya mpaka magoti yakagoma. Watu walimwita Nguzo, naye aliitika kwa raha zake. Alitamani mmoja wa watoto wake amrithi. Wa kwanza wa kiume akaogopa urefu, wa pili akaogopa umeme wenyewe. Huyu binti ndiye pekee ambaye hakuogopa kitu. Alipokuwa mdogo alikaa sakafuni kando ya baba yake, juu ya gazeti lililotandikwa, akimpa bisibisi na kumshikia waya, na pale mzee alimfundisha kwamba dunia yote imegawanyika mara mbili. Kuna vitu vinavyopitisha umeme, na kuna vihami, vitu vinavyouzuia. Shaba, alumini na chuma huku. Kauri, mpira na kioo kule.

"Katikati hakuna kitu," alimwambia. "Shika hilo na mengine utajifunza mbele ya safari."

Binti alishika, akamaliza shule, kisha akaenda kujifunza urembo.

Nguzo hakugomba. Alinyamaza, na kimya chake kilidumu. Si kwamba hawakuzungumza. Walizungumza habari za wagonjwa, za ndugu, za mvua, ila habari za kazi hazikutajwa. Marafiki wa mzee wakiuliza yule binti anafanya nini siku hizi, alijibu, "Ana shughuli zake," akageuza maneno. Kope alijua, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi moja alilala kitandani pake mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Mtu akilala macho yamefumbwa, mdomo hufunguka, na mhadhiri naye hakuwa tofauti.

"Wanafunzi wangu wana akili sana," alisema, "lakini mikono yao ni ya kubebea matofali. Wiki hii peke yake wamenivunjia mawe manne."

"Mawe ya kujengea?"

"Mawe ya kupimia. Madogo, jiwe moja kama punje ya ufuta. Nataka nyuzi nne za dhahabu zishikishwe juu yake, kila uzi mwembamba kuliko unywele. Hawawezi. Ama wanaligawa jiwe, ama wanajaza gundi juu yake mpaka halionekani."

Kope alikuwa na kibanio mkononi na kope moja ikining'inia kwenye ncha yake. Aliiweka mahali pake kwanza.

"Usifumbue macho, Daktari, gundi haijakauka," alisema. "Hilo jiwe niletee nilione."

Mhadhiri alicheka akidhani ni utani. Siku ya tatu alirudi na kijisanduku cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na fuwele nyeusi inayong'aa kama mgongo wa mbawakawa. Kope aliitazama chini ya taa yake, akasema taa haitoshi. Basi wakavuka barabara pamoja mpaka maabara, akakalishwa mbele ya hadubini, akapewa uzi wa dhahabu na gundi yenye unga wa fedha. Aliuliza gundi inakauka kwa dakika ngapi. Kisha akashusha pumzi, akasubiri mkono utulie, akaanza. Zilipopita dakika arobaini nyuzi nne zilikuwa zimesimama, mbili kila upande, zimepangana sawasawa.

Mhadhiri alizihesabu mara mbili. Halafu akauliza, "Jumatatu una nafasi?"

Hivyo ndivyo alivyoingia. Mwanzoni alikwenda siku mbili kwa wiki, kisha tatu, na mwaka haukuisha kabla hajapewa koti jeupe na barua ya ajira ya fundi wa maabara. Chumba cha kope hakukifunga. Alikifungua Jumamosi na jioni mbili, maana wateja wake wa zamani walimjia juu.

Lakini Kope hakuwa mtu wa kufunga nyaya bila kujua zinapeleka nini. Aliuliza, na mhadhiri, ambaye hakuwa na majivuno, alimchorea kwenye karatasi. Fuwele ile imepangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari. Ndani ya kila ukurasa kuna elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, na zimejaa tele.

"Sasa mbona jiwe halipitishi umeme, kama chembe zimejaa?" Kope aliuliza.

"Ni kwa sababu zimejaa. Fikiria benchi la hospitali. Kila mtu ana nafasi yake, na hakuna anayetaka kukaa juu ya mwenzake. Nani atasogea? Zimebanana na zinachukiana, basi zote zimeganda. Kwa hiyo jiwe ni kihami."

"Na ukizisukuma?"

"Hapo ndipo utamu ulipo. Ukitia volti kidogo, hata za betri, ghafla benchi zima linasogea kwa pamoja. Jiwe linageuka metali, umeme unapita. Ukiuondoa umeme, linarudi kuwa kihami kama hakuna kilichotokea."

Kope aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa anamfikiria baba yake na lile gazeti sakafuni.

Tatizo ni kwamba mawe hayakurudi. Mara ya kwanza alipoona jiwe likigeuka, mshale wa mita uliruka, wanafunzi wakaanza kutabasamu, halafu ukasikika mlio mdogo kama chawa aliyeminywa ukuchani. Jiwe lilikuwa vipande viwili. La pili vilevile, la tatu vilevile. Fuwele moja ilikaa wiki mbili kwenye tanuri mpaka ikomae, nao walivunja kumi na moja. Mhadhiri alieleza kwamba jiwe linapogeuka hubadili umbo pia, linarefuka upande huu na kufupika upande ule, na pengine ndivyo lilivyoumbwa, kuvunjika.

Kope alikusanya vile vipande, na Jumamosi, kati ya mteja mmoja na mwingine, akavipanga chini ya taa yake. Jumatatu alifika maabara kabla ya wenzake.

"Daktari, haya mawe hayauliwi na umeme," alisema. "Yanauliwa na gundi. Tazama, yote yamepasukia pale tulipoyashika."

Mhadhiri akatazama.

"Jicho linapepesa," Kope aliendelea. "Mtu akibandikwa kope kwa gundi ngumu mpaka kwenye ngozi, kila akipepesa inamvuta, mwisho inang'oka na nywele zake. Kope hushikishwa juu ya unywele, siyo kwenye ngozi, na gundi yake inakubali kupinda. Hili jiwe nalo linapepesa, na sisi tumelikaza pande zote kama mhalifu."

"Unataka tulifanyeje?"

"Tulishike upande mmoja tu, upande wa pili lijinyooshe litakavyo. Na nyuzi zisivutwe. Ziwe na tao, hivi," akaonyesha kwa kidole, "kama kope iliyokunjwa."

Mhadhiri alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Siku hiyo Kope alilishika jiwe la kumi na mbili kwa gundi laini upande mmoja, akaziachia nyuzi matao manne madogo. Volti zikapandishwa. Mshale uliruka. Chumba kizima kilisubiri ule mlio, na mlio haukuja. Wakashusha volti, jiwe likarudi kuwa kihami. Wakapandisha tena. Kufikia jioni lilikuwa limegeuka na kurudi mara thelathini, na tao hata moja halikung'oka. Wanafunzi walianza kumwita Bi Kope, kwa heshima.

Jumapili alikwenda kwa wazazi wake, na kwa mara ya kwanza tangu amalize shule akazungumza habari za kazi mbele ya baba yake. Alieleza yote, akamwomba aje kuona. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kihami hakigeuki," alisema. "Ukiona kimegeuka, ujue kimeungua."

"Hakijaungua, Baba. Kinarudi."

"Basi mita yenu mbovu."

Mama yake alikuwa anakunja nguo, akazitua. "Si uende ukaone? Kutwa unakaa hapo kibarazani kukosoa mafundi wa watu wanaopita njia. Leo wako mwenyewe anakuita, unaleta maneno."

Nguzo alikwenda. Alivaa shati lililopigwa pasi na akabeba mita yake mwenyewe kwenye mkoba wa ngozi, maana ya chuo hakuiamini. Mhadhiri alimkaribisha kwa adabu, akamwachia apime. Mzee akagusisha ncha za mita yake kwenye miisho ya nyaya zinazotoka kwenye jiwe, akaona hakuna kinachopita. Sawa, kihami. Volti zikapandishwa, na safari hii umeme ukapita kama kwenye chuma. Akataka lirudiwe. Likarudiwa. Akaomba mara ya tatu, akakaa akijikuna kidevu.

"Mnalipasha moto," alisema hatimaye. "Umeme ukipita mahali huacha joto, hilo hata mpishi anajua. Hili jiwe likipata joto halibadiliki?"

"Hubadilika, Mzee," mhadhiri alikiri. "Likifika digrii themanini na kitu linageuka lenyewe, bila umeme."

"Basi hiyo ndiyo hadithi yenu. Mmelichemsha."

"Lakini tumepima joto la sahani lililokalia. Halipandi."

"Umepima sufuria, mwanangu," Nguzo alisema. "Hujapima chakula."

Wanafunzi walitazamana. Kope alitamani sakafu ipasuke immeze. Lakini mhadhiri hakukasirika. Alivuta droo, akatoa barua. Makala waliyoandika kuhusu jiwe lile ilikuwa imerudishwa na jarida wiki iliyopita, pamoja na maoni ya wakaguzi watatu.

"Mkaguzi wa pili ameandika hicho hicho," alisema, "kwa kurasa mbili. Mzee ametumia sentensi moja."

Nguzo hakutabasamu, ila Kope alimwona akiinyoosha kola ya shati lake.

Walipokuwa wanatoka langoni mzee alisema, "Sikuja kukuharibia kazi."

"Najua, Baba. Ungenyamaza ndiyo ungeniharibia."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akatazama mbele, wakaendelea kutembea.

Sasa ilibidi chakula kipimwe. Kilihitajika kipimajoto kitakachokaa juu ya jiwe lenyewe, jiwe lenye ukubwa wa ufuta, bila kugusa nyuzi za dhahabu, na kiwe chembamba kiasi kwamba hakitaliibia jiwe joto lake. Vipimajoto vya namna hiyo hutengenezwa kwa waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Mhadhiri aliagiza waya nyembamba kuliko zote zilizopatikana. Zilipofika Kope alizifungua, akadhani bahasha haina kitu.

Kazi ile ilimchukua wiki tano. Kipimajoto cha kwanza kilidondoka alipopiga chafya. Cha pili kiligusa uzi wa dhahabu kikateketea. Cha tatu kilishika vizuri, lakini namba zake zilicheza kama zimelewa, mpaka walipogundua ni upepo wa feni, wakaizima na kuvumilia joto. Kope alifunga chumba cha kope mwezi mzima. Bibi harusi mmoja alimfuata hadi langoni mwa chuo akimlalamikia mlinzi kwamba wanasayansi wamemwibia mtu wake.

Mwishowe alirudi kwenye droo zake mwenyewe. Alichukua kope ya kubandika, iliyokunjika vizuri, akailaza ile ncha ya waya juu yake kama mtoto mgongoni, na kwa kutumia mkunjo wa kope akaishusha mpaka ikakaa juu ya jiwe. Chini yake alitia tone moja la gundi isiyopitisha umeme, tone dogo hata hadubini ililitafuta. Kisha akaiondoa kope polepole. Waya ikabaki. Aliinuka kitini, akaenda kunawa uso, akagundua amekaa saa tatu bila kunyanyuka.

Siku ya kupima, saa nne asubuhi, mhadhiri aliomba wazazi waalikwe. Mama aliketi kwenye kiti cha maabara, mkoba mapajani, akiwa amekatazwa kugusa kitu, na kile kiti hakukipenda. Nguzo alisimama. Mwanafunzi mmoja alisoma joto kwa sauti, mhadhiri akapandisha volti taratibu.

"Ishirini na sita. Ishirini na sita. Ishirini na saba."

Volti zikapanda.

"Ishirini na nane. Ishirini na tisa."

Mshale uliruka.

"Joto?" mhadhiri aliuliza.

"Ishirini na tisa na nusu."

Jiwe lilikuwa limegeuka metali likiwa halina hata joto la mwili wa mtu. Baadaye, umeme ulipoendelea kupita, joto likapanda mpaka thelathini na tano, likasimama hapo. Wanafunzi wakaanza kupeana mikono, lakini Nguzo aliinua kidole.

"Kipimajoto nacho kinaweza kusema uongo," alisema. "Kama kimekaa hewani bila kuligusa jiwe, kitasoma hewa. Zimeni umeme. Pasheni sahani, tuone."

Mhadhiri alikubali bila kusita. Wakazima umeme, wakawasha joto la sahani, na wote wakasubiri. Kipimajoto cha Kope kikapanda sambamba na sahani, hatua kwa hatua, arobaini, sitini, themanini. Kwenye themanini na nne jiwe likageuka lenyewe, palepale vitabu vilipotaja. Kipimajoto hakikusema uongo. Kwa moto jiwe lilitaka themanini na nne, kwa umeme lilikubali kwenye ishirini na tisa na nusu. Hayakuwa mambo mamoja.

Nguzo alivua kofia. Aliomba kutazama kwenye hadubini, wakampa nafasi, akainama pale muda mrefu. Aliziona zile nyuzi nne za dhahabu na matao yake, na katikati ile waya isiyoonekana kwa macho, imetua juu ya jiwe bila kuligonga.

"Nani kafunga hizi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi, Baba."

Mzee alisema kitu chini chini, bado ameinamia hadubini.

"Sema vizuri, usimung'unye," mama alimwambia kutoka kwenye kile kiti. "Wenzio hawajasikia."

Nguzo akainuka. Akawageukia wanafunzi, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walio chini ya nguzo: "Nimefunga nyaya miaka thelathini na moja. Sijawahi kufunga hivi, na sijaona fundi aliyefunga hivi. Huyu ni mwanangu."

Kope aligeukia meza, akajifanya anapanga vibanio vilivyokuwa vimepangwa. Ule mwiba wa kooni aliusikia ukishuka. Mhadhiri, aliyekuwa anajua lini mtu aachwe, akawaambia wanafunzi waandike namba.

Makala ilipopelekwa tena ilikubaliwa, na jina la Kope, lile la kwenye vyeti, liko la tatu kwenye orodha ya waandishi. Chini kabisa kuna mstari unaomshukuru fundi umeme mstaafu kwa swali lake. Mzee alinunua miwani mipya ya kusomea ili ausome mwenyewe, na siku hizi ukikaa naye kibarazani hutoki bila kusikia habari za lile benchi la hospitali. Anaikosea kidogo hadithi, maana kwake elektroni zina tabia za mafundi wenzake, lakini Kope hamsahihishi.

Maabara nyingine mbili zilisikia, zikaanza kumtumia mawe yao kwa posta, yamefungwa kwenye pamba kama meno ya mtoto. Wanafunzi wapya wa mhadhiri sasa huanzia kwake. Wiki ya kwanza hawaoni fuwele kabisa. Anawapa kichwa cha mwanasesere na kope mia mbili, na asiyeweza kuzipanga bila kuzigandisha pamoja anarudia. Wavulana wengine walinuna mwanzoni. Walipoambiwa fuwele inakaa tanurini wiki mbili, wakainama wakaendelea.

Mwezi uliopita mhadhiri alimletea jiwe jipya, jembamba kuliko lile la zamani, tabaka zake zikihesabika. Safari hii alitaka nyuzi nane na vipimajoto viwili.

"Itawezekana, dada?" alimuuliza.

Kope aliliweka chini ya hadubini, akaligeuza, akatafuta upande wa kulishikia.

"Nipe hadi Ijumaa," alisema.

Alhamisi mchana nyuzi sita zilikuwa zimesimama, na ya saba ilikuwa kwenye ncha ya kibanio chake.